Mjomba anataka nifute majina ya wenyewe kwenye programu

Shikamoo Mwalimu,

Naomba jina langu usiliweke, andika tu Binti wa Newala, mana huku kwetu watu wanajuana hadi mikorosho ya nani inaishia wapi.

Nina miaka 24, nilimaliza diploma ya kompyuta nikarudi nyumbani, ajira sijapata mpaka leo. Aliyenisomesha ni mjomba, kaka yake mama. Kila msimu akiuza korosho anatoa ada yangu kwanza ndo anafikiria bati la nyumba yake, na hii laptopu naandikia kaninunulia yeye. We ni mtu wa kusini unajua mjomba kwetu ni nani, akishasema neno kwenye kikao baba na mama wanakaa kimya.

Basi msimu uliopita nilikuwa nasaidia makarani kwenye chama cha msingi, nikaona tabu yao. Mkulima analeta magunia, yanapimwa, karani anaandika daftarini, anaandika risiti kwa mkono, jioni wanajumlisha na kikokotoo halafu kilo hazilingani na za ghala kuu, saa nne usiku watu bado wanagombana. Nikasema hii kazi naiweza. Nikatengeneza programu kwa Python, madirisha na vitufe nimetumia PyQt5, risiti za PDF nimetumia ReportLab, taarifa zinakaa kwenye SQLite. Mizani ya kidijitali unaiunganisha kwa waya, kilo zinaingia zenyewe, karani anachagua jina la mkulima na daraja la korosho, risiti inatoka. Miezi saba Mwalimu, na siku zingine umeme umekatika namalizia chaji ya laptopu gizani.

Ila ile sehemu inayosoma mizani sikuiandika mimi. Kuna kaka alikuwa mbele yetu chuoni aliiweka mtandaoni, skripti ya mistari kama mia tatu, juu kaweka jina lake na mwaka basi, neno lingine hakuna. Nikaichukua. Ikoni nazo nilizishusha tu intaneti nikaona zimependeza.

Mjomba akaenda kuongea na vyama viwili, wamekubali kila kimoja milioni moja na nusu, na aliwaambia mbele ya watu kwamba mtoto wetu kaandika yote mwenyewe toka mstari wa kwanza. Chama kimoja wana Windows. Kingine kompyuta zao kuukuu zimewekwa Linux Mint, kwahiyo nikaanza kuwatengenezea pakeji ya .deb wainstoli kirahisi. Hapo ndo nikakwama. Ndani ya pakeji kuna faili linaitwa copyright, unatakiwa uandike kila faili ni la nani na lina leseni gani. Mimi nikaliruka, lintian, ile programu ya kukagua pakeji, ikanipigia kelele kwamba halipo. Nikasema basi nijaze. Kujaza nikakuta PyQt5 ni GPL toleo la 3, leseni ya programu huria, ikoni zimeandikwa si kwa biashara, na skripti ya yule kaka haina leseni yoyote.

Nikamwambia mjomba. Akanijibu, futa hayo majina huko juu, nani wa huku atafungua kuangalia, na wenyewe si wameweka bure? Nikanyamaza. Na mbaya zaidi kile chama cha Windows nilishawapa kwenye flashi tangu Julai wajaribu.

Minada inaanza Oktoba. Nauliza, kama vitu ni huria ndo sitakiwi kuuza? Nikimtafuta yule kaka si atasema nimemwibia? Na mjomba nikimpinga mimi nitakuwa nani kwenye huu ukoo? Kuna usiku nafikiria nifute kila kitu nikalime ufuta na wenzangu.

Binti wa Newala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimeisoma taratibu nikiwa na kalamu. Mimi nimefundisha kompyuta hapa Lindi miaka mingi na vijana wengi wameniletea programu zao niziangalie, lakini waliokaa chini wakajaza lile faili la copyright kwa uaminifu ni wachache sana. Wengi wanakopi faili la mtu mwingine wanabadilisha jina. Wewe umelijaza ndo mana limekuumiza, na ningependa ujue hilo kabla hatujaendelea.

Kwahiyo nikikuelewa vizuri, una programu ambayo kazi kubwa ni yako, ndani yake kuna vipande vya watu, kila kipande kimekuja na masharti yake na kimoja hakina masharti kabisa. Una nakala moja imeshatoka nje. Una watu wawili unaogopa kuongea nao, yule kaka wa skripti na mjomba. Na una Oktoba. Umevifunga vyote furushi moja ndo mana hulibebi, sasa hebu tulifungue.

Tuanze na neno huria maana naona limewachanganya wewe na mjomba kwa pande mbili tofauti. Mjomba amesikia huria akaelewa cha bure kisicho na mwenyewe. Wewe umesikia huria ukaelewa kitu ambacho ni dhambi kukiuza. Sivyo hivyo vyote. GPL toleo la 3, lile la mwaka 2007, inasema wazi kabisa kwamba unaweza kutoza bei yoyote kwa nakala unayotoa, au usitoze. Milioni moja na nusu haina tatizo lolote mbele ya GPL. Inachotaka ni kwamba huyo uliyempa apewe na msimbo wake, yaani yale maandishi ya programu yenyewe, aambiwe ana haki ya kuubadilisha na kuugawa, na usimwekee sharti la kumzuia. Tena ni yule uliyempa, sio dunia nzima. Hulazimiki kuuweka mtandaoni. Na kumbukumbu za wakulima, majina yao na kilo zao, hizo hazimo humo, leseni inahusu programu, haihusu yaliyoandikwa na karani.

Upande mwingine, ile skripti isiyo na leseni ndo kinyume cha unavyodhani. Watu wengi wanaona kisicho na masharti ndo cha kuchukua tu. Kumbe kisheria mtu akiandika kitu haki zote ni zake hapohapo, hahitaji kusajili wala kuandika neno lolote. Tanzania tumo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994 na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Kwahiyo ukimya wa yule kaka hautafsiriwi kuwa ruhusa. Kati ya vitu vyote ulivyoorodhesha, hicho ndo kinanipa wasiwasi zaidi, kuliko hata PyQt, na nimeona barua yako imekipitia harakaharaka. Labda kwa sababu yule ni mtu unayemjua?

Sasa njia zilizopo. Mimi ntakuelezea ninavyoziona, wewe ndo unajua mwili wa hiyo programu.

Njia ya kwanza, uiache programu kama ilivyo na PyQt5 yake, uitoe yote kwa GPL 3. Kwa Python hii ni rahisi mno, unaweka folda ya msimbo kwenye flashi ileile na nakala ya leseni, kazi imeisha. Hatari yake uijue, chama kikishapewa kinaweza kuwapa chama cha jirani bila kukulipa, na ni halali yao. Hapo mjomba atashtuka. Lakini kaa ujiulize, wale wanalipia nini hasa? Wakati wa msimu foleni ya magunia iko nje, mizani imeacha kuongea na kompyuta, karani anampigia nani? Nimeona vyama hivi, wanachonunua ni mtu wa kuja siku hiyohiyo. Hiyo hela inaweza ikaandikwa kama ya kufunga, kufundisha na kuhudumia msimu mzima, na hakuna atakayeikopi kwenye flashi. Ila sikufichi, kuna mwaka watapata kijana mwingine wa bei nafuu atakayeisoma kazi yako na kuihudumia yeye. Lazima uwe umeridhika na hilo moyoni kabla hujaichagua njia hii.

Njia ya pili, uondoke PyQt uende PySide. Ni mlango mwingine wa kuingilia Qt ileile, laibrari inayochora madirisha na vitufe, tofauti ni kwamba hiyo inapatikana kwa LGPL, ambayo inakuruhusu programu yako mwenyewe ibaki imefungwa ilimradi uiheshimu ile laibrari, useme ipo, uweke leseni yake, na mtumiaji aweze kuibadilisha hiyo laibrari kwa toleo lingine akitaka. Majina mengi yanafanana, ila kuna pa kurekebisha, zile signal na slot zinazounganisha kitufe na kazi yake kwa mfano zinaandikwa tofauti kidogo, na itabidi ujaribu kila dirisha upya. Angalia pia kama umechora grafu kwa Qt Charts, hiyo haimo kwenye LGPL, ni GPL au ya kulipia. Na kwa Windows kama unatumia PyInstaller kufungashia programu usibane kila kitu kwenye faili moja, acha laibrari zikae kwenye folda ili mtu aweze kuzibadilisha. PyInstaller yenyewe isikutishe, ni ya GPL lakini wenyewe wameweka ruhusa maalum kwamba unachokifungasha nayo hakifungwi na leseni yake. Hatari ya njia hii ni muda. Kubadilisha madirisha yote wiki chache kabla ya mnada halafu siku ya kwanza ya mnada programu izime, hilo nalo litamwaibisha mjomba.

Ya tatu ipo pia, PyQt inauzwa leseni ya kibiashara na walioitengeneza, Riverbank Computing wa Uingereza. Inalipiwa kwa fedha za kigeni na kadi, na sidhani kama ni ya kuanzia kwa vyama viwili, ila nimeitaja usije ukasikia kwa mtu ukadhani nimekuficha.

ReportLab ni BSD, wanataka tu tangazo lao na masharti yao yabaki. SQLite wenyewe wameiachia umma. Hizo andika kwenye faili uendelee.

Ikoni nazo zisikuumize kichwa, zibadilishe. Ipo tofauti ndogo hapa ambayo vijana wanaichanganya. Debian, wenye mfumo wa Linux ambako pakeji za .deb zimetoka, kwa mwongozo wao wa mwaka 1997, hawakubali kwenye hazina yao kuu kitu kinachokataza biashara, wanasema leseni ikibagua aina ya kazi haiwi huria. Wewe hupeleki pakeji yako Debian, unampa mteja wako, kwahiyo mwongozo huo haukubani. Anayekubana ni mwenye ikoni, amesema si kwa biashara na wewe unauza. Kuna seti nyingi za ikoni zenye leseni ya MIT, inayoruhusu na biashara, au zilizoachiwa umma, hiyo ni kazi ya jioni moja. Na fonti ya kwenye risiti umeiangalia? Hukuitaja.

Halafu kumbuka pakeji zako mbili hazifanani. Kwenye .deb unataja tu kwamba python3-pyqt5 inahitajika, mfumo unaileta wenyewe, wewe umebeba faili zako na skripti na ikoni. Usifikiri kwa hilo GPL imekuacha, programu yako imejengwa juu ya PyQt na wenye GPL wanalihesabu hilo kuwa kazi moja. Lakini ya Windows umebeba chungu na mboga zote, Python, Qt, PyQt, ReportLab, kila kitu kiko ndani, kwahiyo leseni za vyote inabidi zisafiri humo humo. Tengeneza folda uiite leseni, weka faili moja moja.

Sasa yule kaka. Unaogopa atasema umemwibia, na inawezekana kweli akasema, siwezi kukuahidi kwamba hatakasirika. Ila mtu aliyeweka kazi yake mtandaoni mbele za watu mara nyingi alitaka itumike, akasahau tu kuandika leseni, au hakujua kama inahitajika. Usimwandikie kama mtuhumiwa. Mi ningeandika kitu kama hiki: kaka habari za siku, ile skripti yako ya kusoma mizani imenisaidia sana, nimeiweka ndani ya programu ya vyama vya msingi huku Newala na vyama vinalipia, nimeona haina leseni, je unaweza kuweka faili la LICENSE, iwe MIT au GPL 3 au utakayoona wewe, na kuna mtu mwingine aliyeandika humo, na uliiandika ukiwa umeajiriwa mahali? Hayo maswali mawili ya mwisho watu huyaacha halafu wanajuta, mana kama aliiandika akiwa kazini huenda mwenye haki sio yeye ni mwajiri. Neno vyama vinalipia usilitoe kwenye ujumbe hata kama mkono unatetemeka, mana akijua baadaye ruhusa yake itakuwa chungu. Akijibu MIT au Apache 2.0 inakaa vizuri na GPL 3. Akijibu GPL toleo la 2 tu bila kuongeza maneno "au la baadaye", mwambie mapema kwamba hiyo haichanganyiki na toleo la 3, muone pamoja. Jibu lake lihifadhi kwa maandishi.

Akitaka hela? Basi mtaongea, mistari mia tatu inayoisomesha mizani ni kazi halisi na labda fungu lake ni haki. Akikaa kimya au akikataa, chukua kitabu cha maelekezo ya ile mizani, kinaonyesha inatuma namba kwa mpangilio gani, uandike ya kwako upya bila kufungua ya kwake. Utachukua siku kadhaa. Shida ni kwamba umeshaisoma ya kwake na kichwa kina kumbukumbu, kwahiyo ukipata mwenzako ambaye hajaiona akaiandika yeye ni vizuri zaidi.

Nije kwa mjomba, na hapa nitakwenda polepole.

Umeniandikia kama vile mjomba anataka uibe. Mi sijamsikia akisema hivyo. Nimemsikia mzee aliyesimama mbele ya viongozi wa vyama viwili akajisifia mtoto wa dada yake, baada ya miaka ya kutoa ada kabla ya bati, na sasa mtoto anakuja kumwambia lile ulilosema si kweli. Akasema futa. Inawezekana anachotaka kufuta ni ile aibu, majina yenyewe hata hayajui. Je umewahi kumwambia ni sehemu gani uliandika wewe? Muoneshe. Mfungulie laptopu, mwambie hesabu za madaraja hizi zangu, risiti hii yangu, kulinganisha na ghala kuu zangu. Hivi kuna fundi wa nyumba pale Newala aliyefyatua tofali, akapasua mbao, akayeyusha na bati? Na bado tunasema nyumba kajenga fulani.

Kuhusu kwamba nani atafungua, mwambie kwa upole kwamba watu hufungua. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilikuwa inauza ruta ya WRT54G, ndani kuna Linux ambayo ni GPL, msimbo haukutolewa. Watu wa mbali kabisa wakaifungua, wakadai, kampuni ikautoa, na kutokana na ule msimbo ndo ukazaliwa mradi wa OpenWrt, programu huria ya ruta. Programu yako ya Python ni rahisi kuifungua mara mia kuliko ruta.

Lakini sidhani hoja ya kukamatwa ndo itamgusa. Wewe umetengeneza programu ambayo kazi yake ni moja, kuandika kilo hizi ni za fulani ili zisije zikapotelea kwenye rundo zikaitwa za mtu mwingine. Mzee aliyepeleka korosho zake chamani anajua maumivu ya kuona jina lake halipo kwenye karatasi ya malipo. Ukimwambia kwamba yale majina juu ya faili ndo risiti za wenzio, naamini ataelewa haraka kuliko ukimtajia GPL. Usimwambie mbele ya watu. Pitia kwa mama kwanza kama ndo desturi yenu, au nenda asubuhi kabla hajaenda shamba.

Na muulize kitu kimoja, kuna karatasi yoyote aliyosaini na hivyo vyama inayosema programu yote ni yenu? Kama ni maneno tu bado yanarekebishika kwa maneno, anaweza kusema kaitengeneza binti yetu kwa kutumia vifaa huria na majina ya wenye vifaa yamo ndani. Kama ipo karatasi, ibadilishwe kabla hela haijapokelewa. Wewe na yeye pia muandike karatasi yenu, programu ya nani na hela inagawanywaje, mana kwenye barua nzima hujaniambia wewe unapata ngapi kati ya hizo milioni tatu.

Anaweza kukataa vilevile. Anaweza kununa msimu mzima. Hapo utakuwa na uchaguzi ambao mimi siwezi kukufanyia, kwa sababu mimi nikizima kompyuta naenda kulala Lindi na wewe unabaki hapo kwenye uwanja wao. Kuna binti atakayesema nachelewesha, natoa GPL chama kimoja tu mwaka huu. Kuna atakayehamia PySide ikamchukua hadi msimu ujao. Kuna atakayewaambia viongozi wa chama mwenyewe. Kila mmoja atalipa kitu, na hata kulima ufuta kuna malipo yake, utakuwa umezifukia zile jioni zote za miezi saba.

Ila kuna jambo moja halisubiri mjomba wala yule kaka, ile flashi ya Julai. Kumpa mtu nakala ya majaribio nako ni kugawa, hata kama hajalipa. Usiogope kupita kiasi, GPL 3 yenyewe inasema ukiacha kukiuka na ukajirekebisha haki zako zinarudi, imeandikwa kwa ajili ya watu kama wewe waliokosea bila kujua. Nenda kawaombe, iondoe kwenye kompyuta yao, waambie unaleta toleo jipya. Kumbukumbu walizokwisha kuingiza uziweke salama kwanza. Ukirudi nyumbani mwandikie yule kaka, na akikujibu niandikie na mimi amesema nini.

Mwalimu, Lindi